Deni Linalokaa na Namba: Faini za Barabarani na Magari ya Mkononi Arua na Koboko

Mkataba wa kuuziana gari Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, haujazi hata ukurasa mmoja. Jina la muuzaji, jina la mnunuzi, aina ya gari na rangi yake, namba, kiasi kilichotolewa leo na kiasi kitakachomaliziwa mwisho wa mwezi, mashahidi wawili, saini, na chini kabisa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Mnunuzi anakabidhiwa ufunguo na nakala ya logibuku, mara nyingi fotokopi ya fotokopi ambayo namba ya chasisi haisomeki tena. Hakuna panapouliza kama gari linadaiwa faini. Hakuna panaposema jina litabadilishwa lini katika daftari la serikali. Watu wanapeana mikono, soda zinafunguliwa, na gari linaondoka na madeni ambayo huenda hakuna hata mmoja kati ya waliotia saini anayeyajua.

Nalitaja hilo la kutojua mapema, kwa sababu wengi wa huku wanaamini faini humfuata aliyekosa. Humfuata, lakini si mbali. Baada ya hapo inakaa na namba ya gari na kumsubiri yeyote atakayeipeleka namba hiyo ofisini.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Afande wa trafiki akikusimamisha, tuseme pale Manibe ukitoka Arua, akakuta taa imekufa au abiria wamezidi, anaweza kukuandikia tiketi ya papo kwa papo, ile inayojulikana kwa herufi tatu, EPS. Msingi wake ni Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, pamoja na kanuni za faini hizo za mwaka 2013. Tiketi inakupa njia mbili: ukiri kosa ulipe ndani ya siku 28, au ukatae na kwenda kujitetea mahakamani. Inabeba namba ya gari, kosa na kiasi. Fedha hazitakiwi kupita mkononi mwa askari. Zinaingia serikalini kupitia benki au simu. Siku 28 zikipita hujalipa wala hujaonekana mahakamani, kwa kawaida hakuna anayekuja kugonga mlango. Mwezi wa pili unapita, wa sita, mwaka. Mtu anauchukua ukimya huo kuwa ni msamaha.

Ukimya huo una chanzo chake. Katika jimbo la California, Marekani, tiketi ya kupaki usiyoilipa hupelekwa kwenye idara ya magari, na siku ya kuhuisha usajili wa mwaka unaikuta imejumlishwa kwenye bili. Hulipi, huhuishi. Kila gari lina siku moja kwa mwaka ambayo lazima litazamane na serikali uso kwa uso. Uganda nayo ilikuwa na siku hiyo, wakati ule wa leseni ya barabara ya kila mwaka. Ikafutwa katika bajeti ya 2007/08 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Tanzania ilifanya kama hivyo miaka kumi baadaye, katika bajeti ya 2017/18. Binafsi naona ilikuwa hatua nzuri: anayeendesha sana analipia sana, na foleni za kila mwaka zikaisha pamoja na bahasha zake. Lakini pamoja na leseni hiyo ikaondoka nafasi ya kumwambia mwenye gari, kwa upole na mapema, kwamba ana tiketi mbili hajazilipa.

Kwa gari la binafsi, karatasi iliyobaki ya kila mwaka ni bima ya mtu wa tatu. Unaipata kwa wakala kando ya barabara kwa dakika chache. Wakala anataka namba, aina ya gari na pesa yake. Faini zako hazimhusu.

Kwa hiyo deni linalala. Likiamkia kwenye leseni ya udereva, afadhali, kwa kuwa anayeambiwa amalize tiketi zake kabla ya kuhuisha ni yuleyule aliyezipata. Likiamkia kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo askari anaingiza namba kwenye kimashine na historia yote inajitokeza, tayari mambo yamechanganyika, maana aliyeshika usukani leo anaweza kuwa hajawahi kumwona aliyeushika juzi. Na likiamkia kwenye uhamisho wa umiliki, hapo karibu kila mara linamwamkia asiyehusika. Ndiyo sehemu ninayotaka tuitazame kwa karibu, maana huku kwetu ndiko inakouma.

Chukua gari la kawaida kabisa la njia ya Arua na Koboko, Toyota Noah. Linatoka Japani likiwa limetumika, linanunuliwa kwenye bondi Kampala, linasajiliwa kwa jina la mtu wa kwanza. Huyu analiendesha Kampala miaka miwili, anapata tiketi moja ya kupita taa nyekundu na nyingine ya mwendo. Analiuza kwa mfanyabiashara wa Arua kwa mkataba. Mfanyabiashara anaona kubadilisha jina ni gharama isiyo na haraka, kwani atalitumia mwaka mmoja tu kisha aliuze. Anamwuzia dereva wa Koboko, naye kwa mkataba. Dereva anabeba abiria mpaka anapochoka, kisha linakwenda kwa mtu wa Yumbe. Mikataba mitatu, mihuri mitatu ya LC1, na katika daftari la serikali bado ni mtu wa kwanza, aliyekwisha kusahau hata rangi ya viti.

Siku mtu wa Yumbe anapotaka jina lake liingie, anagundua kwamba mikataba yake yote mitatu haimtoshi. Kuhamisha umiliki kunataka muuzaji na mnunuzi wote wawe na TIN, namba ya mlipakodi, na muuzaji anayetambulika ni yule aliyesajiliwa, si yule aliyepokea fedha. Huyo aliyesajiliwa anatakiwa kuridhia. Kama amehamia Juba, atafutwe Juba. Kama amefariki, warithi wake watafutwe, na warithi wenyewe wawe na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Na akishampata, ndipo tiketi mbili za Kampala zinapotokea. Nani alipe? Aliyesajiliwa atasema gari liliondoka kwake zamani. Mfanyabiashara wa Arua hapokei simu. Anayelihitaji jina ndiye anayelipa, kwa sababu ndiye pekee mwenye shida.

Ofisi yenyewe nayo imehama. Kwa miaka mingi usajili wa magari ulikuwa chini ya Mamlaka ya Mapato, URA, na mpaka leo ukimwuliza mtu Arua jina linabadilishwa wapi, atakuelekeza URA. Kazi hiyo ilikabidhiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwaka 2024. Malipo bado yanapita kwenye mfumo wa URA, na hilo ndilo linalowachanganya wengi: unalipia kwa mmoja, jambo lako linaamuliwa na mwingine.

Mambo haya yote yangebaki mazungumzo ya madalali kama si Juni 2025. Wiki ya kwanza ya mwezi huo serikali iliwasha awamu mpya ya EPS, ya kujiendesha yenyewe: kamera inaipiga picha namba ya gari, kompyuta inapima mwendo, na faini inatumwa kwa aliyesajiliwa. Kuzidisha mwendo mpaka kilomita 30 kwa saa juu ya kikomo ilikuwa shilingi 200,000. Zaidi ya hapo, 600,000. Na kikomo chenyewe mahali penye msongamano wa waenda kwa miguu kilikuwa kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao bodaboda wa Arua anaupita kabla hajaingiza gia ya tatu. Kelele zikawa kubwa, hasa Kampala. Tarehe 11 Juni Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Jenerali Edward Katumba Wamala, akausitisha mpango huo ili ukapitiwe upya.

Gazetini mjadala ulikuwa juu ya ukubwa wa faini na kikomo cha mwendo. Ni haki ya waliolalamika. Faini ya 600,000 kwa mwenye teksi ni kilio. Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa lile la chini: kamera haimwoni dereva. Afande wa barabarani, pamoja na ila zake zote, anamwuliza mtu leseni na kumtazama usoni. Kamera inasoma bati la namba, kisha inalichukulia daftari la usajili kuwa ni msema kweli. Kwa nchi ambayo magari yanahama mikono kwa muhuri wa LC1, daftari hilo linasema kweli ya miaka mitano iliyopita. Ujumbe wa faini ya kosa lililotendwa jana na mtu wa Yumbe unaingia kwenye simu ya yule mtu wa kwanza, sasa mstaafu wa Ntinda, Kampala. Mstaafu anaufuta akidhani ni matapeli. Na deni linakua.

Mfumo huo wa kamera una mizizi ya mbali. Ulikuja na ule wa namba pleti za kidijiti, ambao serikali iliusainia mwaka 2021 na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security, kwa miaka kumi. Magari ya serikali yalianza kufungwa namba hizo Novemba 2023. Lengo lililotangazwa lilikuwa usalama, kufuatia mauaji yaliyotendwa na watu waliopanda pikipiki. Faini zilikuja baadaye, kama abiria wa njiani.

Tukiziacha Noah, kuna pikipiki, na pikipiki ndizo nyingi. Bodaboda wengi wa Arua na Koboko wanaendesha chombo kisicho na jina lao. Wengine wamekopeshwa na kampuni, na logibuku inakaa kwa mkopeshaji mpaka shilingi ya mwisho. Wengine wana bosi wanayempelekea hesabu kila jioni au kila wiki. Tiketi ikija kwa namba, inakwenda kwa mkopeshaji au kwa bosi, naye hana sababu ya kuimeza; anaiongeza kwenye hesabu. Mwendeshaji aliyekopa anajikuta amemaliza mkopo, anasubiri logibuku, na kumbe pikipiki ina faini alizozisahau au zilizopatikana siku aliyomwachia mwenzake wa steji. Ushauri wangu kwa hawa ni mfupi: siku unapokaribia kumaliza mkopo, ulizia deni la namba kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Baada ya hapo huna tena cha kumshikia mkopeshaji.

Halafu kuna mpaka, na huwezi kuandika juu ya Koboko ukauruka. Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, hapako mbali na mji. Oraba unavuka kwenda Kaya, Sudan Kusini. Kusini mwa Arua, Vurra unavuka kwenda Aru, Kongo. Na soko la Ariwara, upande huohuo wa Kongo, liko karibu kiasi kwamba watu wa Koboko huenda na kurudi siku hiyohiyo. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imeufanya ukanda wote huu kuwa mtaa mmoja mrefu. Kwenye mtaa huo kuna magari ya namba za Sudan Kusini, pikipiki za namba za Kongo, na pikipiki zisizo na namba kabisa, zilizoingia kwa njia zilezile zilizowapitisha Opec Boys, vijana wa magendo ya mafuta, na mitungi yao ya petroli.

Kwa chombo cha namba ya kigeni, tishio la usajili halina meno. Wizara ya Kampala haiwezi kuuzuia uhamisho wa gari lililosajiliwa Juba au Bunia. Ndiyo maana polisi hukishikilia chombo chenyewe mpaka mwenyewe alipe, na URA nayo hukishika kwa sababu zake za ushuru. Matokeo yake ni kwamba wawili wanaotenda kosa moja, dakika moja, kwenye mzunguko mmoja wa Arua, wanapata mambo tofauti kabisa. Mmoja anaacha pikipiki kituoni na kupoteza riziki leoleo. Wa pili anapewa karatasi na siku 28, kisha miaka ya ukimya, kisha bili anayotupiwa mtu mwingine. Sijui ni yupi kati yao amependelewa.

Kuna upande wa pili ambao watu hawauwazi. Gari lenye namba ya Uganda likiuzwa Kaya au Aru bila kufutwa kwenye daftari, linaendelea kuwa la Mganda aliyeliuza. Likirudi kubeba mizigo Arua na kukamatwa, tiketi inaandikwa kwa namba ileile. Wanaouza magari ng'ambo kwa fedha taslimu waikumbuke hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei nzuri.

Sasa kulipa. Hapa ndipo penye nafuu, na nashangaa watu wanavyopaogopa kuliko panavyostahili. Kila tiketi hulipwa kwa namba ya malipo, PRN, ambayo hutolewa na mfumo wa URA. Ukiwa na tiketi mkononi kazi ni nyepesi. Kama umeipoteza, au ni deni la mtu aliyekutangulia, nenda ofisi ya trafiki na namba ya gari na uombe uoneshwe kinachodaiwa. Ukishapata PRN, mtu wa Arua anaweza kuingia benki ya Stanbic au Centenary. Mtu wa Koboko hana haja ya nauli ya kuja Arua, kwa kuwa inalipika kwenye simu, kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel, ukichagua sehemu ya kodi na malipo ya URA. URA ina menyu yake pia, *285#. Hakikisha kiasi kinachoonekana kwenye skrini ndicho kilichoandikwa kwenye tiketi kabla ya kuweka namba ya siri. PRN ina muda wake, na ukichelewa kulipa ndani ya muda huo inakufa. Utaomba nyingine, deni bado lipo.

Jambo ambalo madalali wanalijua na wanunuzi hawalijui: PRN haiulizi anayelipa ni nani. Faini iliyo kwenye jina la mstaafu wa Ntinda inaweza kulipwa na mtu wa Yumbe kwa simu yake mwenyewe. Maana yake, mnunuzi makini hana haja ya kubishana na muuzaji nani alaumiwe. Anaangalia deni, anakata kiasi hicho kwenye bei, analipa mwenyewe, anahifadhi ujumbe wa uthibitisho na kuuchapisha. Baada ya siku chache anarudi kuangalia kama deni limefutika kweli kwenye mfumo wa trafiki, kwa sababu kuingia kwa fedha na kufutika kwa tiketi ni matukio mawili.

Njia ya kulipa isiyo njia ni ile ya kumpa mtu. "Leta elfu hamsini nikumalizie" ni sentensi inayosikika sana, kwa sare na bila sare. Aliyeitoa hiyo elfu hamsini harudishiwi, na tiketi ikiwa imekwisha kuingia kwenye mfumo inabaki palepale.

Kama unaamini hukukosa, usikae nayo. Ile njia ya pili, ya mahakama, iko wazi ndani ya siku 28, na Arua na Koboko zote zina mahakimu. Inakula muda, na kwa faini ndogo wengi wataona bora walipe waondoke. Sitamlaumu anayefanya hivyo. Lakini aliyeandikiwa kosa la gari aliloliuza mwaka juzi ana hoja nzito, mradi ana mkataba wenye tarehe. Hapo ndipo ile karatasi ya LC1 inapopata kazi: haibadilishi umiliki, lakini inaonesha gari lilikuwa kwa nani siku gani.

Kwa serikali nina madai mawili, na la kwanza ni dogo. Tanzania ina mfumo wa polisi ambao mtu yeyote huandika namba ya gari na kuona deni lake. Mnunuzi wa gari la mkononi Dar es Salaam huangalia hilo kabla hata hajafungua boneti. Huku kwetu kuangalia namba isiyo yako kusiwe safari ya ofisini wala upendeleo wa afande unayefahamiana naye. Iwe ujumbe mfupi wa simu, bure, kwa lugha ambazo watu wa Arua wanazisoma.

La pili ni kubwa zaidi. Uingereza mwenye gari akiuza huiarifu idara ya magari yeye mwenyewe, siku hiyohiyo, na kuanzia hapo makosa ya gari si yake tena hata kama mnunuzi hajamaliza karatasi zake. Kwetu muuzaji hana mlango wa namna hiyo. Anabaki amefungwa kwenye gari mpaka mnunuzi apate hamu ya kulipia uhamisho, na hamu hiyo huja siku ya kuliuza tena. Tukimruhusu muuzaji kutoa taarifa peke yake, kwa TIN yake na ya mnunuzi, daftari litaanza kusema kweli bila kamera hata moja. Wizara itasema wauzaji watadanganya. Wengine watadanganya, ndiyo, na mnunuzi aliyesingiziwa atapewa nafasi ya kukana. Udanganyifu huo utakuwa mdogo kuliko uongo ulioko sasa, ambao haumhitaji mtu yeyote kusema uongo.

Kuna sababu ya kuharakisha. Namba za kidijiti zinatakiwa hatimaye kufika kwenye magari ya zamani, na atakayekwenda kubadilishiwa bati ataulizwa ni nani. Mwenye gari la mkono wa nne, mwenye mikataba mitatu na fotokopi isiyosomeka, hatakuwa na jibu ambalo mashine inalikubali. Anayemfahamu bado muuzaji wake, na namba ya simu ya muuzaji huyo bado inapatikana, ampigie mwezi huu.